Syombua Alishinda Mara Mbili

Tulimzika Syombua huko Zombe, Alhamisi, chini ya mahema mawili ya kukodi, na jua lilikuwa kali kiasi kwamba wazee walikuwa wakihamisha viti vyao kila baada ya hotuba kufuata kivuli. Nilikuwa nimeketi mstari wa tatu, karatasi ya ratiba mkononi, sina nia ya kugombana na mtu. Ndipo akaitwa mwenyekiti wetu wa zamani wa kamati ya riadha. Ni mzee sasa, anatembea kwa kushikwa mkono, lakini sauti yake bado ni ile ya kufungua mikutano. Alimsifu marehemu kwa bidii, kwa imani, kwa shamba lake la mbaazi, na watu wakaitikia amina. Kisha akasema, “Na alipoona wakati wake wa kukimbia umeisha, mama huyu hakung’ang’ania. Aliwapisha wasichana kwa roho safi.” Watu wakapiga makofi. Mimi mikono yangu ilibaki mapajani, na nikahisi shingo yangu ikipata moto, kwa sababu msichana anayedaiwa kupishwa siku ile ni mimi.

Nina miaka hamsini na mmoja. Nimefundisha watoto kukimbia hapa Kikima kwa muda mrefu, na waliopita mikononi mwangu watakwambia sipandishi sauti. Mtoto akiangusha kijiti, namweleza. Akiangusha tena, namweleza tena, na mara ya kumi namwambia tumekaribia. Kwa hivyo nitaeleza jambo hili polepole vilevile, ingawa nina hasira ninapoandika. Nataka hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga uwanja aelewe ni kitu gani hasa tulimfanyia Syombua mwaka ule nilipokuwa na miaka kumi na tisa.

Kambi yetu ilikuwa katika shule moja ya bweni si mbali na Sultan Hamud, wanafunzi wakiwa wamefunga shule. Tulikuwa wanawake watano, wengine kutoka upande wa Kitui na wengine upande wa Makueni, na wanne kati yetu wangepelekwa Nairobi kukimbia mbio za kupokezana vijiti, kila mmoja mzunguko mmoja. Tulilala chumba kimoja chenye vitanda vya ghorofa, magodoro membamba, harufu ya sakafu iliyopigwa dawa, na dirisha ambalo kioo chake kililia kila gari moshi la mizigo lilipopita. Syombua alichukua kitanda cha chini karibu na mlango kwa sababu yeye ndiye aliyeamka kwanza. Alikuwa na miaka thelathini na sita, mkulima, mama wa watoto wadogo, na alikuwa kwenye timu ile tangu mimi nikiwa darasa la tatu. Tulimwita Mwaitu, yaani mama yetu, nusu kwa heshima na nusu kwa utani. Katunge, aliyekuwa na mdomo kuliko sisi wote, alimwuliza siku ya kwanza, “Mwaitu, hicho kijiti umekuja nacho ni cha kukimbilia ama ni mkongojo?” Syombua akakigeuza mkononi. Alikuwa amekikata mwenyewe kutoka kwa bomba la maji na kukisugua ncha kwa jiwe mpaka zikawa laini. “Ni cha kumchapa anayenipita vibaya,” akasema. “Wewe bado hujanipita hata vizuri.”

Alitufundisha kuliko kocha. Mwalimu Kilonzo, kocha wetu, alikuwa mtu mzuri na mwoga, na alijua hivyo. Mara nyingi alisimama kando na kumwachia Syombua uwanja. Mbio za kupokezana si watu wanne wenye kasi waliowekwa pamoja. Kupokezana kwa kwanza ni rahisi, kila mtu yuko kwenye mstari wake. Kwa pili, wote wamekwisha kuingia mstari wa ndani, na ninyi mnaosubiri mnasimama bega kwa bega, mnapangwa kutoka ndani kwenda nje kufuata jinsi wenzenu walivyokuja kwenye kona ya mbali. Asiyetazama kona ile anajikuta nje, amezibwa, na mwenzake anakuja mbio na kijiti hana pa kukiweka. Syombua alikimbia wa tatu, kwa hivyo kupokea pale ndiyo ilikuwa kazi yake miaka yote. Alinisimamisha hapo jioni baada ya jioni. “Usiangalie watu. Usiangalie mimi. Angalia kona. Sasa nani anakuja wa kwanza?” Nikikosea alinisukuma kwa bega, kweli kweli, mpaka nikayumba. “Umeona? Huko Nairobi hawatakuomba radhi.” Alijua ninataka nafasi yake, na bado alinifundisha kuikimbia.

Kwa maana nafasi ilikuwa imebaki moja. Watatu walikuwa wamekwisha kuchaguliwa, na kati ya Syombua na mimi mmoja angeenda, mwingine angekuwa wa akiba. Mwalimu Kilonzo aliandika utaratibu kwa mkono na kuubandika kwenye mlango wa bwalo: Jumamosi asubuhi, mzunguko mmoja, wawili tukimbie pamoja, mshindi aende. Alipokuwa akitusomea, Syombua aliinua mkono kama mwanafunzi.

“Mwalimu, ni mara moja?”

“Mara moja, Mwaitu.”

“Na wakubwa wakichelewa kufika?”

“Wakichelewa wataambiwa matokeo. Ni mara moja tu.”

Sisi wengine tulicheka. Tulidhani anaogopa. Leo nikimfikiria akiwa amesimama pale na mkono wake juu, naona alikuwa na miaka mingi ya kuwajua watu wa kamati kuliko sisi, na alikuwa anajaribu kufunga mlango kabla ya mtu kuingia.

Jumamosi asubuhi tulikunywa chai na kiazi kitamu kimoja kila mtu. Mwenyekiti alifika na wenzake wawili, akatusalimia kwa uchangamfu, akatoa saa ya kupimia muda mfukoni. Tulikimbia. Nilimwongoza mpaka kona ya mwisho, nikawa tayari ninajiona Nairobi, kisha nikasikia pumzi yake nyuma yangu, tulivu kabisa, na baadaye nikaona mgongo wake. Alinishinda kwa hatua nne. Katunge alipiga vigelegele. Mwalimu Kilonzo akaandika kwenye karatasi yake. Mwenyekiti aliitazama ile saa, akaitikisa, akaiweka sikioni. “Hii saa ina shida,” akasema. “Hatuwezi kutegemea hii. Tutarudia saa tisa.”

Hapa naomba usimame nami kidogo. Watu wawili wakikimbia pamoja, mmoja akafika kabla ya mwingine, saa ni ya nini? Mtoto wangu wa darasa la nne analijua hilo. Macho yanatosha. Lakini hakuna aliyesema. Mwalimu Kilonzo alifungua kinywa, akatazama viatu vyake, akakifunga. Syombua alimtazama yeye, hakumtazama mwenyekiti, kwa muda mrefu. Kisha akaenda kulowesha leso yake bombani.

Mchana tulikula muthokoi na maharagwe, mahindi yaliyokobolewa vizuri, yenye kitunguu. Wakubwa walikula kuku katika chumba cha walimu, ambacho kilipakana na jikoni, na kati yake kulikuwa na kidirisha cha kupitishia vyakula. Nilikuwa nimerudisha sahani, nimeinama nikizisuuza, niliposikia sauti ya mwenyekiti, wazi kama vile ananiambia mimi.

“Mama wa miaka thelathini na sita. Tukimpeleka huko watasema huku kwetu hakuna vijana.”

“Lakini ameshinda,” alisema Mwalimu Kilonzo.

“Ameshinda na saa mbovu.”

“Na saa tisa akishinda tena?”

Nikasikia mfupa ukiwekwa kwenye sahani. “Mwalimu, kwani wewe hujui hesabu? Yule msichana ana miaka kumi na tisa. Tutarudia. Tutaona nani atachoka.”

Mmoja wao akacheka. Mpishi alikuwa kando yangu akikwangua sufuria. Alisikia kama nilivyosikia mimi. Alinitazama, mimi nikamtazama, kisha akaendelea kukwangua, kwa nguvu zaidi, na mimi nikapanga sahani moja juu ya nyingine, sahani zote, kwa uangalifu mkubwa, kama kwamba kazi ya siku ile ilikuwa hiyo.

Nieleze na hili, kwa sababu ndicho kisu chenyewe. Mwili wa miaka thelathini na sita uliotunzwa unaweza kukimbia mzunguko mmoja sawa na wa miaka kumi na tisa, na pengine vizuri zaidi, kwa sababu unajua pa kuweka nguvu. Kinachopungua ni kujirudisha. Msichana akilala saa moja kwenye nyasi anaamka mzima. Mwanamke wa umri wa Syombua anahitaji siku mbili. Huko Nairobi kila mmoja angekimbia mzunguko mmoja. Mmoja. Hakuna mahali popote katika mbio zile ambapo mtu angetakiwa kukimbia mara tatu kati ya asubuhi na jioni. Walitafuta kipimo ambacho angeshindwa, wakakiita haki, na mimi nilikuwa chombo walichokitumia.

Saa tisa nilimwongoza tena, safari hii mpaka karibu na mstari, na akanipita kwa kifua. Alianguka kwa magoti baada ya kuvuka na akabaki hapo, viganja kwenye vumbi jekundu. Mwenyekiti alisema mmoja wetu aliondoka kabla ya filimbi. Hakusema ni nani. “Tupumzike kidogo, saa kumi na nusu tumalize hii maneno.”

“Mwenyekiti,” Syombua alisema akiwa bado chini, “karatasi imesema mara moja.”

“Mama, tunatafuta haki. Ama unaogopa msichana?”

Syombua aliinuka. Alikuja nilikokuwa nimejitupa, kwenye nyasi kavu karibu na tangi la maji. “Inuka,” akaniambia. “Ukikaa miguu itakaza. Tembea, tembea polepole, pumua kwa pua.” Tukatembea pamoja, mzunguko mzima, kama majirani wanaotoka kanisani. Alikuwa na chungwa moja, yale ya Makueni yenye ganda gumu, alilokuwa ameliweka tangu asubuhi. Alilipasua kwa kidole gumba na kunipa nusu. Nilitaka kumwambia nilichosikia. Maneno yalikuwa mdomoni: Mwaitu, hawa watu watarudia mpaka ushindwe. Badala yake nikala chungwa. Lilikuwa tamu. Nilitaka Nairobi, nilitaka jezi, nilitaka watu wa nyumbani wasikie jina langu redioni, na nilijua kwamba nikinyamaza saa nyingine moja nitapata vyote.

Ningeweza kukimbia polepole mara ya tatu. Nimejiambia kwa miaka mingi kwamba sikuwa na la kufanya, lakini hilo lilikuwepo, lilikuwa jepesi, na halikuhitaji kugombana na mtu yeyote. Nilikimbia kwa nguvu zangu zote. Kona ya mwisho sikusikia pumzi yoyote. Nilipogeuka alikuwa nyuma sana, akitembea na kukimbia, mkono kwenye nyonga, na alivuka mstari hivyohivyo, hakuacha njiani. Mwenyekiti hakuitazama saa. Nataka hilo likumbukwe. Saa iliyokuwa na shida asubuhi ilikuwa mfukoni mwake, na aliiacha humo. “Hiyo sasa imetoka vizuri,” akasema, na akampa Mwalimu Kilonzo mkono.

Syombua alienda moja kwa moja kwenye mlango wa bwalo. Akaweka kidole kwenye maneno “mzunguko mmoja” na kusubiri mpaka Mwalimu Kilonzo alipofika. “Hii mwandiko ni yako?” akauliza. Mwalimu akasema ni yake. “Basi sawa,” akasema Syombua, na hilo ndilo neno la mwisho nililowahi kumsikia akimwambia Mwalimu Kilonzo. Wakubwa waliamua kwamba hata wa akiba hahitajiki. Alikunja shuka zake, akaacha kijiti chake cha bomba juu ya kitanda changu, na alipokuwa anafunga kanga kiunoni akaniambia, “Pale kwa pili, angalia kona.” Katunge alilia. Mimi nilisema, “Asante, Mwaitu.”

Kuhusu Nairobi sina mengi. Uwanja ulikuwa mkubwa, watu wengi, na niliposimama kwenye kupokezana kwa pili nilitazama jukwaa. Nilitazama watu. Nilipokumbuka kona, wapinzani walikuwa wamekwisha kupangwa, nikajikuta nje kabisa, na Katunge akaja mbio na kijiti, tulikuwa wa tatu wakati ule, akalazimika kumzunguka mkimbiaji wa timu nyingine ili anifikie. Tulimaliza wa saba. Kwenye basi mwenyekiti alisimama akatuambia tusivunjike moyo, tumepata uzoefu. Uzoefu ulikuwa Zombe, ukipalilia mbaazi.

Nilikutana na Syombua mara mbili katika miaka iliyofuata, mara zote sokoni. Aliniuliza habari za watoto wangu wa shule, kama wanashika kijiti vizuri. Hakuwahi kutaja siku ile. Nilichukulia kimya chake kuwa msamaha, kwa sababu kilinifaa.

Basi rudi nami kwenye mahema. Mwenyekiti aliketi, makofi yakaisha, na aliyekuwa akiongoza ratiba akaita mtu wa kusema kwa niaba ya wanariadha wenzake. Nilikuwa nimeandika hotuba fupi yenye mstari kutoka kwenye Zaburi. Nikaiacha kwenye kiti. Nilipopewa kipaza sauti nilisema hivi, kwa sauti ileile ninayowaelezea watoto: “Naitwa Ndinda, kutoka Kikima. Mimi ndiye niliyechukua nafasi ya marehemu. Hakunipisha. Tulikimbia asubuhi akanishinda. Wakasema turudie, akanishinda tena. Wakarudia mara ya tatu, mpaka alipochoka. Nilijua watafanya hivyo, niliwasikia kwa masikio yangu, na nilinyamaza. Siwezi kumzika na uongo juu yake.”

Hakuna aliyepiga makofi. Pasta alikohoa. Mwenyekiti alijivuta mbele kwenye kiti chake. “Ndinda,” akasema bila kipaza sauti, na kila mtu alisikia, “mazishi si mahali pa mambo kama haya.”

“Mahali umechagua wewe, mzee,” nikasema. “Mimi nilikuwa nimekuja na Zaburi.”

Nilirudi kuketi. Mama mmoja kando yangu alisogeza kiti chake, sikujua kama ni kwa sababu ya jua. Sikujisikia vizuri, na sitasema nilijisikia mwepesi. Nilikasirika zaidi, kwa sababu ilinichukua sekunde chache tu, na ningeweza kuzitoa wakati Syombua yuko hai na anasikia.

Baada ya mazishi, wakati wali unagawiwa, binti yake alinifuata nyuma ya nyumba. Anaitwa Mueni, ana umbo la mama yake, mabega yale yale. Nilijiandaa kutukanwa, na ningekubali. Alisimama na sahani mkononi bila kula.

“Mama alituambia alishindwa na msichana wa Kikima,” akasema. “Alisema alikimbia vizuri sana. Hiyo tu. Tukiwa wadogo tulimcheka.” Akaitazama sahani. “Kwa hivyo ni mara mbili?”

“Mara mbili.”

“Na hakusema.” Aliweka sahani juu ya pipa la maji. “Ya pili alikushinda kwa nini? Kwa kiasi gani?”

“Kwa kifua. Hivi.” Nikamwonyesha kwa kiganja.

“Na ya kwanza?”

“Hatua nne.”

“Hatua nne ni kama wapi?”

Nikatazama ua. Nikavua viatu vyangu vya mazishi, nikasimama sambamba na mlango wa jikoni, na nikampimia hatua nne kwenye udongo, si za kutembea bali za kukimbia, ndefu, kadiri nyonga zangu zinavyoruhusu sasa. Nikafika karibu na kibanda cha kuku. Mueni alibaki mlangoni, mahali nilipokuwa mimi siku ile, na akautazama mwanya uliokuwa katikati yetu, mkubwa, mtupu, usiohitaji saa.